Aloys Balagizi, Aliyechota Maji ya Kalwizi Wakati wa Mvua

Baba Padri, ndugu wa Mudaka mliotoka nyumbani kabla ya jua, wakwe zetu wa Luberizi, wafanyakazi wenzake wa maabara, na ninyi majirani wa Nyalukemba mliopanda ngazi zetu za udongo na matope yangali yameshika viatu, mimi ninayesimama mbele yenu naitwa Elysée, mdogo wa marehemu, fundi mwashi ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa sababu aliwajengea ukuta au alichelewa kuumaliza, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya yaya Aloys, kaka yangu mkubwa. Niliambiwa niandike kurasa mbili, nimeandika zaidi, mtanivumilia. Tarehe zote nimezitoa katika kaye, daftari lake, ile yenye jalada la bluu aliyotembea nayo chini ya koti, ambayo shemeji Delphine alinikabidhi juzi jioni ili nisikosee miaka, na ndani yake nimekuta jambo linalonihusu mimi, kaka yangu na choo chetu, ambalo sikutumwa kulisoma, lakini nitalisoma.

Balagizi Nshombo Aloys alizaliwa Alhamisi tarehe 3 Agosti 1961 huko Mudaka, katika territoire ya Kabare, mtoto wa pili wa marehemu mzee Nshombo, mkulima wa ndizi, na marehemu mama Venantie M'Birindwa. Mama alikuwa akitusimulia kwamba ilikuwa kiangazi, vumbi limelala juu ya majani ya migomba, na siku ya nne ikanyesha mvua ambayo hakuna aliyeingoja, akambeba mtoto hadi mlangoni ili ayasikie maji, na mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Mimi nilimfuata miaka saba baadaye, na kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa hapa duniani ni yeye ameshika chupa ya kioo iliyojaa maji ya chemchemi, ameiinua kuelekea jua, anangoja uchafu ushuke chini, nami niko kando yake nangoja pia, sijui tunangoja nini, ukungu unapanda kutoka bondeni, na asubuhi ile ndani ya kichwa changu haijaisha mpaka leo.

Alianza shule ya msingi palepale Mudaka mwezi wa Septemba 1967, akaimaliza mwaka 1973, akashuka Bukavu kwa sekondari, section ya biochimie, ya biolojia na kemia, akapata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1980 baada ya kurudia darasa moja, jambo alilolificha maisha yake yote na ambalo nalitangaza leo kwa kuwa hawezi tena kunikanyaga mguu chini ya meza. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1983 alisoma ufundi wa maabara, na katika likizo yake ya kwanza alirudi nyumbani akatuambia kwamba tone moja la maji ya dimbwi lina kijiji kizima ndani yake, wakazi wanaotembea, wanaokula na kuzaana, na baba, baada ya kufikiri kwa muda mrefu, akamuuliza kama nao wana mwami wa kuwatawala.

Tarehe 1 Machi 1984 aliajiriwa katika maabara ndogo ya maji, vyumba viwili vyenye dirisha linalotazama ziwa, na humo alifanya kazi miaka thelathini na saba mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2021. Kwa wale ambao hawakuielewa kamwe kazi yake, ilikuwa hivi: kila Jumanne saa moja asubuhi alishuka Kalwizi, kijito chetu kinachoanza kwenye chemchemi za juu, kikapita nyuma ya nyumba zetu zote, kikapenya chini ya kidaraja cha wauza mboga na kumwagika ziwani, akachota maji mahali patatu, juu, katikati na chini, katika chupa zilizochemshwa, akayapitisha maji hayo maabara kwenye karatasi nyeupe nyembamba, akailaza karatasi katika kisahani ndani ya kabati lenye joto, na kesho yake akafungua na kuhesabu vidoa vya njano vilivyoota, kila kidoa kikiwa kimetokana na kijidudu kilichotoka tumboni mwa mtu. Maji safi hayaoti kidoa. Nilimtembelea mara nyingi saa ya kuhesabu, ameinama juu ya kisahani na kalamu mdomoni, midomo inatembea bila sauti, mwanga wa ziwa unacheza juu ya dari, na nilikuwa nakaa kwenye kiti cha pembeni kwa viatu vyenye sementi, nasahau kabisa kwamba kuna mahali watu wananisubiri na matofali.

Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka Luberizi mwezi wa Juni 1986, kuchota maji ya mfereji wa mashamba ya mpunga, na huko msichana aliyesimama ndani ya mpunga na maji yamefika magotini alimtazama kwa muda, kisha akawauliza wenzake kwa sauti ya kutosha ili asikie: "Mwizi gani huyu, anaiba maji na ka-chupa?" Msichana huyo ni Delphine Feza, aliyekaa hapa mbele yetu, na walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Julai 1987. Mama mkwe wa yaya, ambaye Mungu amempumzisha, hakuwahi kumkaribisha bila kumtania, maana maji ya mitaa yetu huingia ziwani, na ziwa hutoka kwa njia ya mto Ruzizi likateremka hadi kwao, basi alikuwa akimwambia, "Mukwe, mvua ikinyesha Bukavu, siye huku tunajua mulikula nini." Yaya alicheka kila mara, lakini mara moja, tukirudi garini, aliniambia kwamba yule mama anasema kwa mzaha kitu ambacho maabara nzima haijaweza kukisema kwa karatasi.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Chancelle aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1988, ambaye alifuata kazi ya baba yake na yuko katika maabara ileile, Blanchard mwaka 1991, Steve mwaka 1994, na Francine, kitinda mimba, mwaka 1998, na wajukuu watano ambao wote, hata yule asiyejua kusoma, walifundishwa kushika chupa kwa chini na si kwa mdomo.

Mwaka 2002 tulinunua kiwanja kimoja mimi na yeye hapa Nyalukemba, nami nikajenga nyumba ya milango miwili, wake na wangu, yenye choo kimoja nyuma. Ninyi mnaoishi kwenye mteremko huu mnajua kiwanja chetu kilivyo, ukinyoosha mikono unagusa kwa jirani, gari la kunyonya vyoo halipandi, na shimo likijaa hakuna mahali pa kuchimba la pili, basi nilifanya kilichofanywa na kila fundi wa mji huu, nikalaza tiyo, bomba la maji machafu, chini ya ukuta, pale chini ya mwavokado, kutoka shimoni hadi kwenye mfereji wa mvua unaoingia Kalwizi, nikaiziba kwa tambara na jiwe, na kila mvua kubwa iliponyesha nikaenda kutoa tambara. Maji ya mvua hubeba kila kitu, mvua ikiisha mfereji umeoshwa, hakuna harufu, hakuna shahidi. Kaka yangu sikumwambia, niliona ni mambo ya ufundi, na pia, niseme ukweli, nilijua angesema nini.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 2008 kamati ya avenue, mtaa wetu huu, ilimwomba yaya aseme kama maji ya Kalwizi kule chini, kwenye kidaraja, yanafaa kwa kazi yoyote, naye akachukua hesabu zake za Jumanne za miaka miwili, akaandika ukurasa mmoja wa uangalifu mkubwa, kwamba maji hayo si ya kunywa, lakini kwa kufua nguo, kumwagilia bustani na kuosha mboga za kupikwa yanavumilika, na ukurasa huo ulibandikwa ukutani karibu na kidaraja. Maman Apolline, ambaye yuko kati yetu, alikuwa anauza mboga za lengalenga pale, akiziosha kijitoni, na binti yake Malaika, wa miaka minne, akicheza na maji miguuni pake. Jumapili tarehe 15 Novemba 2009 ilinyesha mvua iliyodumu tangu adhuhuri hadi jioni, Jumanne mtoto alianza kuhara, na Ijumaa tarehe 20 akafariki. Wengine kumi na mmoja waliugua mtaani wiki hiyo, wakapona.

Yaya aliuondoa ule ukurasa ukutani kwa kucha zake mwenyewe, akaja nyumbani, akaketi kwenye ngazi na kaye magotini, na kwa mara ya kwanza nikamwona akisoma hesabu zake kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kosa lilikuwa pale, jepesi hata linatia aibu. Mvua ya Bukavu hupenda kunyesha mchana na alasiri, yeye alichota asubuhi, na Jumanne ikiamka na mvua, desturi ya maabara ilikuwa kungoja ikatike, kwa sababu hakuna anayetuma watu mtoni chini ya radi, na chupa inayoingiwa na mvua inahesabiwa kuwa imeharibika. Katika Jumanne mia moja na nne hakuwa amechota hata mara moja mvua ikinyesha. Na kile kinachofanyika mvua ikinyesha alikijua tangu alipohamia mjini, anakijua kila mtu hapa, mtoto wa darasa la kwanza akisikia ngurumo anajua kwa nini jirani ametoka nje mbio badala ya kuingia ndani. Alikijua kama mkazi, akakisahau kila alipovaa koti jeupe, na Kalwizi ikamwonyesha miaka miwili uso wake wa asubuhi, uliokwisha kunawa.

Alimwendea Maman Apolline matangani, akakaa chini kwenye mkeka, akamwambia mbele ya watu wote, "Ni miye niliandika kama maji iko bien." Na yeye akamjibu, "Hata miye nilikuwa naiona na macho yangu, papa Aloys," kisha wakakaa hapo pamoja mpaka jioni.

Tangu wiki hiyo akawa mtu wa mvua, mlimwona wenyewe. Mawingu yakikusanyika juu ya ziwa, watu wakianua nguo na kufunga vioski, yeye alikuwa anavaa koti, anaweka kaye chini yake, anashuka, na watoto walimwita Papa Mvua bila kujificha. Nilimfuata mara moja kutoka mbali. Mji wote ulikuwa umepotea katika maji, mabati yananguruma, hakuna mtu njiani, taa za magari zinaelea kule juu kama ziko ndani ya maziwa, na yeye amesimama chini ya kidaraja, kijito kimepanda hadi mapajani, rangi yake kahawia na juu yake povu, anainamisha chupa polepole kama anayemnywesha mgonjwa, na kando yake Maman Apolline ameshika mwavuli, ameushika juu ya chupa, si juu yake, wote wawili wamelowa chapachapa. Niligeuka nikarudi nyumbani, na katika kaye, vidoa vya siku kama hizo havina idadi, kila mara ameandika neno moja tu, havihesabiki.

Kisha akaanza kutafuta tiyo. Alipanda kijito chote kwa miguu, kiangazi cha mwaka 2010, akaziorodhesha moja moja, za sementi, za plastiki, nyingine za shina la mgomba lililotobolewa, sitini na mbili kwa jumla, akaanza kubisha milango, kwa upole wake ule mliouzoea, akieleza habari za vidoa, akiomba kila nyumba ifunge yake na kutafuta namna nyingine. Wengine walimpa chai, wengine walimwahidi, wengine walimwona kichaa. Na mwaka uliofuata, katikati ya mwezi wa Aprili, Papa Ramazani, mfanyabiashara wa vitambaa pale kwenye kona, mtu wa heshima na wa kusema wazi, alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza bila ubaya wowote, "Na kwenu, papa Aloys? Kwenu maji ya choo inaendaka wapi?" Yaya aliangalia viatu vyake, akasema ataangalia, akaaga, na tangu siku hiyo hakubisha tena mlango wa mtu. Aliendelea kuchota, akaacha kuomba. Tulidhani amechoka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikasema kwamba Papa Ramazani amemkatia maji.

Maana niliendelea kufungua. Hili ndilo nililoambiwa na moyo wangu nilisome. Tangu yaya alipoanza kutoka na mvua, kazi yangu ilikuwa nyepesi, kwa kuwa dakika ileile aliyoshuka na chupa ndiyo dakika niliyojua kwamba nyuma ya nyumba hakuna mtu, nikaenda chini ya mwavokado nikatoa tambara. Alishuka kwenda kupima, nami nikamtumia cha kupima. Sikuwa na ubaya moyoni, nilikuwa na choo kilichojaa, lakini miaka ile yote, nilipokuwa nyumbani na mzima, hatukupishana hata mvua moja.

Kuhusu ugonjwa wake, mwezi wa Februari 2022 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka, akaanza matibabu, akapunguza chumvi na kulalamika juu ya chumvi, akaendelea kushuka mtoni akishikiliwa na Chancelle. Jumapili tarehe 24 Machi 2024 alilazwa hospitalini, na kwa siku kumi na nane alilala kwenye kitanda cha karibu na dirisha, akisinzia na kuamka, akichanganya Mudaka na Nyalukemba, akimwita mama, na kila mvua ilipogusa mabati alifungua macho na kuuliza imeanza saa ngapi, nasi ilibidi tumwambie saa kamili, Chancelle akaandika, ndipo akafumba tena. Siku mbili kabla hajaondoka nilikuwa peke yangu naye, ikaanza kunyesha, akanitazama, akasema, "Elysée, leo uko huku." Nikamjibu ndiyo yaya, niko huku, nikadhani anashukuru kwamba nimekuja. Alifariki Alhamisi tarehe 11 Aprili 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi minane na siku nane, kukiwa kumekauka na jua kidogo juu ya ziwa.

Juzi jioni nilifungua kaye kutafuta tarehe ya kuajiriwa kwake, nikakuta ukurasa wa tiyo. Nyumba sitini na mbili zimeandikwa kwa kalamu ya bic ya bluu, na juu kabisa, pamebanwa mstari mmoja kwa bic nyekundu, na namba zote za chini zimesahihishwa kwa wekundu huohuo, namba moja imekuwa mbili, mbili imekuwa tatu, hadi sitini na tatu, ili mstari ule uwe wa kwanza. Nausoma kama ulivyo. "Namba 1. Kwetu. Tiyo ya Elysée, chini ya mwavokado. Tarehe 6 Aprili 2011 nilirudi kuchukua mufuniko wa chupa, nikamuona. Sitamusema. Nangojea aniambie yeye mwenyewe." Safu ya hesabu ya siku hiyo iko tupu, ni mvua pekee ya msimu ule ambayo hakuichota. Na baada ya orodha hiyo, kwa maandishi madogo, kurasa nne, ziko tarehe nilizofungua, miaka kumi na mitatu, nadhani kila aliporudi alipita kuliangalia tambara, na hapa na pale, nilipokuwa nimesafiri au nimelala na malaria, ameandika, "Leo hajafungua," na pembeni ameweka alama ndogo, kama mwalimu anayemwekea mtoto vema. Ya mwisho ni ya Jumanne iliyopita, mwandiko unatetemeka, Chancelle anasema alimwomba kalamu. "Leo hajafungua. Yuko huku."

Sasa najua kwa nini aliangalia viatu vyake mbele ya Papa Ramazani. Angeweza kusema, ni mdogo wangu, na kazi yake ingeendelea, pengine nusu ya tiyo hizi zingekuwa zimefungwa leo. Alichagua kuninyamazia, na kunyamaza huko kumemgharimu ile kazi aliyoipenda kuliko chumvi. Miaka kumi na mitatu tulikula meza moja, alinipitishia bakuli la mboga ya sombe, akanikanyaga mguu nilipozungumza sana, akaningoja, nami sikusema. Ninaona aibu, na sitafuti neno zuri zaidi.

Jana asubuhi kabla ya kitu chochote nilikwenda kwa Maman Apolline, nikamwambia kwamba ile Jumapili ya Novemba mwaka 2009 nami nilifungua. Hakuna anayeweza kusema mtoto aliguswa na tone la nyumba gani, Kalwizi huchanganya, lakini letu lilikuwemo. Alikuwa anachambua lengalenga za kuwapikia ninyi wageni, hakuacha kuchambua, nikamuuliza kama niyaache mambo haya yasisomwe mbele ya jeneza. Alisema, "Utasoma yote. Usiruke kitu." Maman, nimesoma.

Kisha nilirudi nyumbani, nikaifukua ile tiyo nikiwa na Blanchard na Steve, nikaivunja, nikaziba tundu kwa sementi na kokoto, kazi nzuri, mnaweza kuiangalia mkipita. Na kuhusu mahali pa kuchimba shimo la pili, ambapo kwa miaka ishirini na miwili nimewaambia wote kwamba hapapo, palikuwepo, ni stoo yangu ya vifaa, mita mbili kwa mita mbili, mlango wa barabarani, nilikuwa naipenda. Tumeivunja na tumeanza kuchimba. Alasiri ikanyesha, Chancelle akashuka na chupa za baba yake, na leo asubuhi, kabla hatujaenda kumchukua yaya hospitalini, amefungua visahani. Juu, havihesabiki. Katikati, havihesabiki. Chini, havihesabiki. Sikutegemea vingine, imeondoka yetu moja na zimebaki sitini na mbili, lakini jana katika kaye, mbele ya namba moja, Chancelle aliandika kwa mkono wake, "Imefungwa."

Katika hizo sitini na mbili zilizobaki, ishirini na saba nililaza mimi, kwa hiyo msijisumbue kunieleza ziko wapi. Jumatatu nitabisha kwa namba mbili, kisha tatu, na mtakaponiuliza, na kwenu je, nitakuwa na la kujibu, jibu ambalo yaya hakuwa nalo kwa sababu yangu. Kila stoo, kila kibanda cha kuku, kila kona mnayosema haipo, tutaitafuta pamoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku kumi na nane na kuvumilia maswali yake juu ya maji ya bomba la wodi, wafanyakazi wenzake wa maabara walioleta turubai na viti, na ambao waliacha kabati la joto likiwaka kwa ajili ya visahani vya jana, majirani wote wa avenue, Papa Ramazani aliyetoa kitambaa cheupe kinachofunika jeneza, ndugu wa Luberizi waliokuja na mchele, Baba Padri kwa ibada, na Maman Apolline, kwa lengalenga, na kwa mwavuli.

Namaliza, kwa kuwa ninyi mnatazama juu na mimi naona mnachokitazama, mawingu yamesimama upande wa ziwa na hatutafika makaburini tukiwa tumekauka. Nawaomba kitu kimoja, majirani zangu. Mvua hii ikianza mtakuwa njiani pamoja nasi, nyumba zenu ziko tupu na matambara yako mahali pake, yaacheni hapo leo, mkirudi pia yaacheni, hii moja tu ipite bila sisi. Tukisha kukufunika, yaya, sitabaki kunywa chai na wageni, mtanisamehe, nitavaa lile koti na kushuka kidarajani, chupa nimezichemsha asubuhi, kaye iko hapa chini ya shati langu. Nimekwambia mwenyewe, nimechelewa siku mbili. Pumzika sasa, kaka yangu, kwa amani, mvua ya leo nitaichota mimi.